Kuifundisha Kompyuta Mkono wa Mchoraji

Historia ya kuifundisha kompyuta mtindo wa mchoraji husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilianza mwaka 2015, pale watafiti wa Ujerumani walipoivisha picha ya kamera rangi na mawimbi ya Vincent van Gogh, au mwaka 2022, pale programu za kutengeneza picha kutokana na maneno zilipowafikia watu wa kawaida. Masimulizi hayo yanaiacha kando nusu karne ya kazi iliyotangulia, na zaidi ya hapo yanachanganya mambo mawili yanayostahili kutenganishwa. Kuifanya mashine itoe picha inayofanana na kazi ya mchoraji fulani ni jambo moja. Kuiwezesha ishiriki katika mchoro ambao haujakamilika, ikapokea mstari wa mtu na kuujibu kwa mstari wake, ni jambo jingine. Kwa lile la kwanza picha zilizokwisha malizika zinatosha kuwa kielelezo, lakini kwa la pili mashine haina budi kujua mkono ulianzia wapi, ulisita wapi na uliamua vipi kugeuka, na hayo picha iliyotundikwa ukutani haiyasemi. Ndiyo maana waliofika mbali katika kuchora pamoja na mashine ni wachoraji wachache waliojifunza kuandika programu, au walioshirikiana na wahandisi, ili kuifundisha kompyuta mikono yao wenyewe, hata pale walipokuwa na vielelezo vichache kuliko maabara kubwa.

Uchoraji wa pamoja baina ya mtu na kompyuta ulianza bila mtindo wowote. Mnamo Januari 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, nchini Marekani, tasnifu ya uzamivu kuhusu programu aliyoiita Sketchpad, iliyoendeshwa kwa kompyuta ya TX-2 katika Maabara ya Lincoln. Mtumiaji aligusa kioo cha mashine kwa kalamu ya mwanga, yaani kifaa kinachohisi nukta inayowaka kwenye skrini, akavuta mstari, kisha akaamuru kwa vitufe mistari miwili iwe sambamba, iwe na urefu sawa au ikutane kwa pembe ya mraba, na kompyuta ikaurekebisha mchoro hadi masharti yote yakatimia. Huo ulikuwa ushirikiano wa kweli, kwa kuwa kila upande ulitenda kile ambacho mwenzake hakukiweza kwa urahisi, lakini haikujalisha nani aliyeishika kalamu, kwa sababu mchoro wa huyu ulitoka sawasawa na wa yule. Sketchpad ilinyoosha kila mkono uliotetemeka, na kwa mchoraji sehemu kubwa ya mtindo imo katika kutetemeka huko.

Swali la mtindo liliingia kwa mlango mwingine. A. Michael Noll, mhandisi wa Bell Labs huko New Jersey, alichunguza mchoro wa Piet Mondrian wa mwaka 1917 unaohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Kröller-Müller nchini Uholanzi, ambao una vijistari vyeusi, vya wima na vya mlalo, vilivyotawanywa ndani ya umbo linalokaribia duara. Noll aliandika programu iliyotawanya vijistari vya namna hiyo kwa kubahatisha ndani ya mipaka aliyoipanga, kisha akawaonyesha watu 100 nakala za picha zote mbili. Watu 59 waliipenda zaidi ile ya kompyuta, na 28 tu ndio waliotambua kwa usahihi ni ipi iliyotengenezwa na mashine. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 1966, yametajwa tangu hapo kila mtu anapotaka kuonyesha kwamba mashine inaweza kumshinda msanii, ingawa kwa kweli yanathibitisha jambo dogo zaidi: nakala zilikuwa zimekwisha kuondoa rangi ya mafuta na alama za brashi, na kompyuta haikufundishwa lolote kuhusu sababu za Mondrian kukiweka kijistari mahali fulani na si pengine. Mjini Stuttgart, mwaka 1965, mwanahisabati kijana Frieder Nake alifanya jaribio lililo karibu na hilo baada ya kuutazama mchoro wa Paul Klee wa mwaka 1929, na programu yake ikachora kwa plota ya Zuse Graphomat Z64, plota ikiwa ni mashine inayosogeza kalamu juu ya karatasi kwa kufuata namba. Nake aliupa mchoro huo jina linalotangaza kwamba ni heshima kwa Klee, jambo lililokuwa la unyoofu zaidi kuliko ubishi wa nani amemshinda nani.

Aliyeibadilisha hali hiyo alikuwa mchoraji mwenye jina tayari. Harold Cohen, aliyezaliwa London mwaka 1928 na kusomea shule ya sanaa ya Slade, aliiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice Biennale mwaka 1966, na miaka miwili baadaye akaenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha California, San Diego. Huko alijifunza kuandika programu kwa msaada wa Jef Raskin, ambaye baadaye angeuanzisha mradi wa kompyuta za Macintosh katika kampuni ya Apple, na mwaka 1973 akaalikwa katika Maabara ya Akili Mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford. Katika kipindi hichohicho aliitembelea michoro ya kale ya miambani katika Bonde la Chalfant, California, na kilichomshika ni kwamba mtazamaji wa leo hawezi kujua wachongaji wake walikusudia nini, na hata hivyo hana shaka kwamba alama hizo ziliwekwa kwa kusudi. Cohen alijiuliza ni masharti gani machache kabisa yanayoifanya seti ya alama ionekane kuwa picha, na jibu lake likawa programu aliyoiita AARON, ambayo aliifanyia kazi kwa zaidi ya miongo minne.

Inafaa kuitazama kwa karibu namna AARON ilivyovuta mstari, kwa kuwa hapo ndipo mchoraji alipoonekana ndani ya programu. Wahandisi wa wakati ule walichora mkunjo kwa kuikokotoa njia yote kwanza na kuiachia plota ifuate, hivyo mkunjo ulitoka laini na mkavu. Cohen aliona kwamba mkono wa mchoraji haufanyi hivyo. Mchoraji anajua anakotoka na anakotaka kufika, lakini njia yenyewe huirekebisha akiwa ndani yake, mithili ya dereva anayeusogeza usukani kidogokidogo kila gari linapotaka kutoka barabarani. Kwa hiyo AARON ilipewa mwanzo, mwelekeo na mwisho, na katika kila hatua ndogo ilipima imepotoka kiasi gani na kujirudisha, wakati mwingine kwa kuzidisha, wakati mwingine kwa kuchelewa, na mstari uliotoka ulikuwa na mikunjo midogo ambayo jicho la binadamu huitambua mara moja kuwa ya mkono. Kanuni nyingine ziliiambia tofauti ya umbo lililofungwa na lililo wazi, ya ndani na nje, ya kitu na nafasi inayokizunguka, pamoja na wajibu wa kutopita juu ya eneo lililokwisha kujazwa. Programu haikujua kwamba kuna watu wala miti ulimwenguni, lakini watazamaji waliona humo wanyama, mawe na visiwa.

Katika maonyesho ya Documenta mjini Kassel mwaka 1977, na katika jumba la sanaa za kisasa la San Francisco mwaka 1979, wageni waliitazama AARON ikichora mbele yao, na huko San Francisco kalamu ilibebwa na kigari kidogo, ambacho wahandisi hukiita kobe, kikitambaa juu ya karatasi kubwa iliyotandazwa sakafuni. Mashine ilichora mistari tu. Rangi aliitia Cohen mwenyewe kwa mkono, akizikuza baadhi ya picha hadi kufikia ukubwa wa ukuta, na mgawanyo huo wa kazi ulikuwa aina ya ushirikiano ambao haukuwa na mfano: mtu alikuwa akipaka rangi mchoro ambao hakuuchora, lakini uliochorwa kwa kanuni alizozitoa ndani ya mazoea yake mwenyewe ya miaka mingi. Katika miaka ya 1980 alianza kuifundisha AARON vitu vya dunia, yaani viungo vya mwili wa mtu, namna vinavyokunjwa, jinsi uzito unavyosawazishwa juu ya miguu, na namna matawi yanavyogawanyika, na maumbo ya watu walio katikati ya mimea yakaanza kujitokeza.

Rangi ilimshinda kwa muda mrefu, na sababu yake inaeleza mengi. Mchoraji hapangi rangi kichwani kisha akaitekeleza. Hupaka, hurudi nyuma, hutazama, hurekebisha. AARON haikuwa na macho, na hivyo haikuweza kutazama. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Cohen aliacha lugha ya C aliyokuwa akiitumia kuandikia programu na kuhamia lugha ya LISP, iliyomwezesha kueleza kanuni za rangi kwa namna nyepesi zaidi, na akaijengea mashine njia isiyo ya kibinadamu: kuamua mapema uhusiano wa mwangaza baina ya maeneo ya picha, kisha kuchagua rangi ndani ya uhusiano huo. Mwaka 1995, katika Jumba la Makumbusho la Kompyuta mjini Boston, umati uliishuhudia mashine aliyoiunda ikichanganya rangi na kuipaka. Hata hivyo, katika miaka yake ya mwisho Cohen alirudi kwenye mgawanyo wa awali, akiiachia AARON ichore na yeye akitia rangi kwa vidole juu ya skrini kubwa ya kugusa, hadi alipofariki dunia mwaka 2016. Anayesoma historia hii kama mwendo wa moja kwa moja kuelekea mashine inayojitegemea atauona uamuzi huo kuwa kurudi nyuma, lakini unaeleweka vizuri zaidi kama uamuzi wa mchoraji aliyegundua kwamba alichokuwa akikipenda ni kuwa na mwenzake mezani.

AARON, kwa maana kali ya neno, haikujifunza chochote. Kila ilichokijua kiliandikwa na Cohen, naye alilazimika kukieleza kwa uwazi kile ambacho wachoraji wengi hukifanya bila kukifikiri. Njia hiyo ilikuwa ya taabu na haikuweza kuhamishiwa kwa mchoraji mwingine bila kuanza upya, lakini ilikuwa na faida moja ambayo njia zilizofuata ziliipoteza, nayo ni kwamba mtindo uliomo ndani yake ulikuwa mfululizo wa maamuzi, na mfululizo huweza kukatizwa, kuendelezwa na kujibiwa.

Mfano wa pili wa njia hii ni mdogo kwa ukubwa, ila una uzito wa pekee. Vera Molnár, mzaliwa wa Budapest aliyeishi Paris na kuanza kutumia kompyuta mwaka 1968, alikuwa akipokea kila wiki barua kutoka kwa mama yake. Mwandiko wa mama huyo ulikuwa na tabia ya ajabu: upande wa kushoto wa kila mstari herufi zilianza zikiwa zimenyooka na zenye nidhamu, kwa mtindo waliofunzwa mabinti wa familia zilizosoma katika himaya ya Habsburg, na kadiri mstari ulivyokwenda kulia zilianza kuhangaika, hadi mwishoni zikawa kama mtetemo tu. Miaka ilivyopita, hangaiko lilisogea kushoto na kuutawala ukurasa wote. Barua zilipokoma, Molnár aliendelea kujiandikia barua hizo kwa kompyuta na plota katika mfululizo alioufanyia kazi miaka ya 1980, akiugeuza mwandiko huo kuwa kanuni inayoongeza vurugu kutoka kushoto hadi kulia. Herufi za barua hizo hazisomeki na hazina maneno. Ni mwendo wa mkono peke yake, na aliyezijua barua za asili alikuwa na uwezo wa kuupima mwendo huo kwa jicho lililouzoea, jambo ambalo hesabu za takwimu za ukurasa mzima zisingelimpa.

Wakati wachoraji hao wakiandika kanuni, wanasayansi wa kompyuta walikuwa wakitafuta njia ya kuiepuka taabu hiyo. Mwaka 2001 Aaron Hertzmann na wenzake walionyesha mbinu ambamo kompyuta hupewa picha mbili, moja ya kawaida na nyingine ileile ikiwa imechorwa kwa mtindo fulani, kisha hupewa picha ya tatu na kutakiwa itengeneze ya nne inayohusiana na ya tatu kama ile ya pili inavyohusiana na ya kwanza. Mwaka 2003 William Freeman, Joshua Tenenbaum na Egon Pasztor walilileta jambo hilo kwenye mstari mmoja mmoja: kompyuta ilihifadhi mistari iliyochorwa kwa mitindo mbalimbali, na mstari mpya ulipoingia ulielezwa kama mchanganyiko wa mistari michache inayofanana nao, halafu mchanganyiko uleule ukarudiwa kwa mistari ya mtindo mwingine. Utafiti huo wa pili haukupata umaarufu mkubwa nje ya fani, ingawa ndio uliokuwa karibu zaidi na mahitaji ya mchoraji, kwa kuwa ulikiri kwamba mtindo huanzia katika mstari.

Umaarufu ulikuja Agosti 2015, pale Leon Gatys, Alexander Ecker na Matthias Bethge wa Chuo Kikuu cha Tübingen walipotumia mtandao-neva, yaani programu yenye tabaka nyingi za hesabu ndogo ndogo ambazo hurekebishwa kidogokidogo kwa kupitia mifano mingi hadi ziweze kutambua vitu katika picha. Waligundua kwamba tabaka za ndani za mtandao hushika umbile la vitu, na kwamba ukipima ni alama zipi hutokea pamoja katika tabaka hizo, bila kujali zinatokea wapi kwenye picha, unapata kitu kinachofanana na mtindo. Picha ya nyumba zilizo kando ya mto Neckar mjini Tübingen ikatokea kwa rangi za Van Gogh, za Edvard Munch na za Wassily Kandinsky, na katikati ya mwaka 2016 programu ya simu iitwayo Prisma ikaufanya mchezo huo kuwa wa kila mtu. Mwaka huohuo mradi ulioitwa The Next Rembrandt, uliodhaminiwa na benki ya ING na kushirikisha Microsoft na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, uliichambua michoro 346 ya Rembrandt na kutoa sura mpya ya mwanaume mwenye kofia nyeusi na kola nyeupe, iliyochapishwa kwa tabaka za wino ili iige mwinuko wa rangi kwenye turubai.

Kwa macho kazi hizo zinavutia, na si haki kuzidharau. Lakini kipimo kisichojali alama inatokea wapi kimeuacha nje utunzi, na utunzi ndio uliomfanya Van Gogh auweke mti mweusi mbele ya anga. Aidha, mbinu hizi hazina mahali pa mtu kuingia. Mchoraji anayetaka kuchora pamoja nazo anakabidhi picha yake, anasubiri, na anarudishiwa picha nyingine nzima.

Njia iliyorudi kwenye mwendo wa mkono ilitoka kwenye utafiti wa mwandiko. Mwaka 2013 Alex Graves alionyesha kwamba mtandao-neva wenye kumbukumbu, yaani ule unaosoma data hatua kwa hatua na kubeba mbele athari za hatua zilizopita, unaweza kuandika sentensi kwa mwandiko unaofanana na wa mtu kwa kutabiri kila mara kalamu itasogea wapi baadaye. David Ha na Douglas Eck wa Google waliipeleka fikra hiyo kwenye michoro mwaka 2017 katika programu waliyoiita sketch-rnn. Mchoro kwao haukuwa tena gridi ya pikseli, yaani vile vitone vya rangi vinavyounda picha kwenye skrini. Ulikuwa orodha ya miendo, na kila mwendo uliandikwa kwa namba tano: kalamu imesogea kiasi gani kwa mlalo, kiasi gani kwa wima, na alama tatu zinazoeleza kama kalamu imegusa karatasi, imeinuliwa au imemaliza kazi. Mtu alianza mchoro, akasimama popote alipotaka, na mashine ikauendeleza kutoka kwenye ncha ya mstari wake. Hapo kompyuta ilikuwa imejifunza kwa mifano, na wakati huohuo ilikuwa na uwezo wa kupokea zamu.

Kasoro yake ilikuwa kwenye chanzo. Michoro iliyoifunza ilitoka kwenye mchezo wa Quick, Draw!, ambamo mtu hupewa sekunde 20 kuchora paka, basi au mwavuli ili kompyuta ikisie ni nini, na mkusanyiko uliotolewa hadharani ulikuwa na michoro milioni 50. Huo ni mkono wa umati, si wa mtu. Ha na Eck wenyewe waliripoti jaribio moja ambalo mchoraji yeyote angelipa uzito: mashine iliyofunzwa kwa paka ilipopewa paka mwenye macho matatu, ilirudisha paka anayefanana naye mwenye macho mawili. Kwa kipimo cha mhandisi hiyo ni dalili kwamba mtandao umeelewa paka ni nini, ila kwa msanii aliyelichora jicho la tatu kwa makusudi, mwenzake amelifuta wazo lake akidhani ni kosa. Sketchpad ilikuwa ikinyoosha mistari, na mrithi wake, baada ya zaidi ya nusu karne, alikuwa akinyoosha mawazo. Katika miaka hiyohiyo Nicholas Davis na wenzake wa Taasisi ya Teknolojia ya Georgia walitengeneza programu waliyoiita mwanagenzi wa kuchora, iliyobadilishana zamu na mtu na kupokea maoni yake kama amependa au hakupenda jibu lililotolewa, na ingawa michoro yake ilikuwa rahisi, ilitambua kwamba mwanagenzi hujifunza kutoka kwa mtu mmoja, akiwa kazini, kwa kukaripiwa na kusifiwa.

Aliyeziunganisha nyuzi hizi ni Sougwen Chung, msanii wa Kanada mwenye asili ya China. Katika awamu ya kwanza ya kazi yake ya Drawing Operations, mwaka 2015, kamera iliyofungwa juu iliutazama mkono wake, na mkono wa roboti ukafuata mwendo huo papo hapo juu ya karatasi ileile. Uigaji haukuwa kamili: roboti ilichelewa, iliteleza, iliweka mstari pasipo matarajio, na Chung, badala ya kusubiri wahandisi waondoe kasoro, alizijibu kwa mistari yake, na mchoro ukawa wa mikono miwili kweli. Katika awamu ya pili, mwaka 2017, mashine ilifunzwa kwa michoro ambayo Chung mwenyewe aliichora kwa karibu miongo miwili, hivyo roboti haikuiga tena kile kinachotendeka sasa, ilijibu kwa mazoea iliyoyatoa katika kumbukumbu ya msanii anayekaa mbele yake. Jumba la makumbusho la Victoria and Albert la London limeiingiza kazi ya awamu hiyo katika hazina yake.

Ukilinganisha kazi hiyo na ya Cohen, tofauti ya zana ni kubwa na tofauti ya kusudi ni ndogo. Cohen aliandika kanuni kwa mkono na Chung akaiachia mashine izitafute yenyewe katika michoro, lakini wote wawili waliifundisha mashine mikono yao, wote walibaki mezani, na hakuna kati yao aliyetaka mashine imalize kazi peke yake. Kiasi cha data pia ni jambo la kuangaliwa. Michoro ya maisha ya mtu mmoja, hata akiwa mchapakazi, ni michache mno kwa mtandao-neva ukilinganisha na mamilioni ya mchezo wa sekunde 20, na uhaba huo unaeleza kwa nini maabara kubwa hazikuipenda njia hii: haikui. Mwanagenzi wa Chung hana manufaa kwa mchoraji mwingine, kama vile AARON isivyokuwa na manufaa baada ya Cohen isipokuwa kuendelea kuchora alichofunzwa.

Programu zilizosambaa mwaka 2022 zilichukua upande wa pili kabisa. Stable Diffusion, iliyotolewa Agosti mwaka huo, ilifunzwa kwa sehemu za mkusanyiko wa LAION-5B, ambao una jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo yake zilizopatikana katika intaneti. Njia yake huanza na ukungu wa vitone vilivyotawanyika ovyo, kisha ikauondoa ukungu huo hatua kwa hatua kwa kufuata maneno aliyoandika mtumiaji, na katika mwendo huo picha hujitokeza pande zote kwa wakati mmoja. Hakuna mstari wa kwanza wala wa mwisho. Hata nyongeza zilizokuja mwaka 2023, zilizomwezesha mtu kuweka mchoro wa haraka na mashine ikaujaza rangi na vivuli, zilimpa mchoraji zamu moja tu mwanzoni, na kila kilichofuata kilikuwa cha mashine. Wakati huohuo zilipatikana mbinu za kuuzoeza mtandao ulio tayari kwa picha chache tu za mtu mmoja hadi ukaweza kutoa nyingine zenye sura hiyo, na mtindo wa mtu ukawa faili ambayo mtu mwingine anaweza kuipakua.

Mfano uliowaudhi wachoraji wengi ulihusu Kim Jung Gi, mchoraji wa Korea Kusini aliyefariki dunia Oktoba 2022 akiwa na umri wa miaka 47. Siku chache baada ya kifo chake mtu mmoja alisambaza mtandaoni faili iliyofunzwa kwa picha zake ili yeyote apate kutoa nyingine zinazofanana nazo. Kim alijulikana duniani kwa jambo moja hasa: alisimama mbele ya umati na karatasi tupu ya ukubwa wa ukuta, bila mchoro wa penseli wala picha ya kuigiza, akaanza kwenye jicho la mnyama au kwenye gurudumu la pikipiki na kutoka hapo akaijaza karatasi nzima kwa wino, akiwa anazungumza. Watu walikuja kumwona akichora. Faili ile ilichukua wino, wingi wa vitu na pembe za kutazamia, na isingeweza kuchukua kile walichokuja kukitazama, kwa kuwa hakikuwamo ndani ya picha ilizopewa.

Sheria nayo haikuwa na neno la kusema kuhusu mtindo. Hakimiliki ya Marekani hulinda kazi iliyotungwa, haizuii mtu kuchora kwa namna ya mwenzake, na kwa hiyo wachoraji Sarah Andersen, Kelly McKernan na Karla Ortiz walipofungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya California mnamo Januari 2023 walilenga kunakiliwa kwa picha zenyewe katika kuzifunza mashine, na Agosti 2024 jaji aliruhusu madai yao ya hakimiliki yaendelee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichagua kinga ya kiufundi, wakatoa mwaka 2023 programu ya Glaze, ambayo hubadilisha pikseli za picha kwa kiasi ambacho mtu hakioni kwa urahisi lakini kinachoifanya mashine idhani inatazama mtindo mwingine.

Agosti hiyohiyo ya 2024 kampuni ya Australia inayotengeneza Procreate, programu ya kuchorea inayotumiwa sana na wachoraji wa iPad, ilitangaza kwamba haitaingiza humo akili mnemba ya kutengeneza picha. Procreate hurekodi kila mchoro tangu mpito wa kwanza wa kalamu hadi wa mwisho, ikamwezesha mwenyewe kuutazama tena ukijichora kwa kasi, makosa na marekebisho yakiwamo. Rekodi za namna hiyo ndizo Cohen alizokuwa akizitafuta kichwani mwake alipoandika kanuni za mstari, na zinakaa ndani ya kifaa cha mchoraji, ambaye ndiye mwenye kuamua kama atazitoa, kwa nani, na kwa malipo gani.